Soksi mbili za uzi mmoja wa rangi nyingi, lakini hazifanani: tatizo liko wapi?

Mfumaji wa Njiro, Arusha

Habari zenu, wafumaji wenzangu. Masweta ya watoto nimeyafuma kwa miaka mingi, lakini soksi nimezianza mwaka huu tu, baridi ya Juni ilipotubana huku kwetu, na jozi yangu ya kwanza ya kuuza imenitia aibu mbele ya mteja.

Uzi niliupata kwa kufumua sweta jembamba la mtumba ambalo lebo yake ilisema ni sufu asilimia 80 na nailoni asilimia 20. Niliuzungusha kwenye migongo ya viti viwili, mzunguko mmoja ukiwa sentimita 140, nikalifunga fungu kwa kamba legelege mahali panne, nikaliloweka katika maji yenye siki, kisha nikalipaka rangi tatu, yaani bluu, zambarau na njano ya binzari, kila moja ikichukua karibu theluthi ya fungu, na mwisho nikalipika kwa mvuke. Rangi zilishika vizuri na hazikuchuja nilipoufua uzi. Nilianzisha vitanzi 64 kwenye sindano za milimita 2.5, nikitarajia rangi zitawanyike ovyo kama mawe ya mtoni.

Soksi ya kwanza, kuanzia juu hadi kwenye kifundo cha mguu, imetoka na vipande vitatu vilivyosimama wima kana kwamba vimeunganishwa kwa cherehani: katika kimoja bluu na zambarau zinapishana mstari kwa mstari, katika cha pili bluu na njano, katika cha tatu zambarau na njano. Soksi ya pili ni ya uzi uleule, sindano zilezile na vitanzi 64 vilevile, lakini vipande vyake vimelala na kuuzunguka mguu kama mpasheni unavyozunguka mti. Kwenye visigino vyote viwili rangi zimevurugika na kuwa mabaka. Mteja wangu, ambaye ni mwongoza watalii wa mlimani, alizigeuzageuza mkononi, akaniuliza kama moja ni yake na nyingine ni ya mdogo wake.

Naomba kueleweshwa kwa nini uzi mmoja umefanya mambo mawili, na nifanye nini kabla sijaanza jozi nyingine.

Mama wa Majengo, Moshi

Mdogo wangu, pole, lakini uzi wako hauna kosa, na kwa kweli soksi yako ya kwanza ni ushahidi kwamba ulipaka rangi kwa usawa mkubwa. Jambo lote ni hesabu ya urefu.

Fungu lako lina mzunguko wa sentimita 140, kwa hiyo kila baada ya sentimita 140 za uzi rangi zinaanza upya. Tuiite hiyo duru moja ya rangi. Kwa uzi mwembamba na sindano kama zako, mkono wangu hula karibu sentimita 1.1 za uzi kwa kila kitanzi, na kama wako ni kama wangu, basi mzunguko mmoja wa vitanzi 64 unakula sentimita 70 na ushee. Zidisha mara mbili uone: duru moja ya rangi inaisha karibu kabisa pale mizunguko miwili ya soksi inapoisha. Mzunguko wa tatu unaanza na rangi ileile iliyoanza mzunguko wa kwanza, wa nne unafuata wa pili, na hivyo hivyo hadi chini. Ndiyo maana rangi zimesimama wima. Na kwa kuwa kila rangi yako ina urefu wa theluthi mbili za mzunguko, bluu inafunika theluthi mbili za kwanza, zambarau inachukua theluthi iliyobaki na kuingia theluthi ya kwanza ya mzunguko wa pili, kisha njano inamalizia. Ukichora kwenye karatasi utavipata vile vipande vitatu hasa ulivyovieleza, bluu na zambarau, bluu na njano, zambarau na njano.

Sasa soksi ya pili. Nadhani mkono wako ulikaza kidogo. Kama mzunguko ulikula sentimita 68.5 badala ya 70, mizunguko miwili inakula 137, kwa hiyo duru ya rangi inabakiza sentimita 3, na rangi zinasogea vitanzi vitatu hivi kila baada ya mizunguko miwili. Tofauti hiyo huwezi kuihisi vidoleni, lakini shingo ya soksi yenye urefu wa sentimita 15 ina mizunguko zaidi ya 60, na kusogea kidogokidogo mara thelathini kunatosha kuuzungusha mpangilio wote kuuzunguka mguu.

Kisigino ni jambo jingine. Pale unafuma nusu tu ya vitanzi, 32, ukienda na kurudi, na mstari mmoja unakula sentimita 35 badala ya 70, kwa hiyo rangi moja inajaza mstari mzima, inageuka nao, na kurundikana pembeni. Ukishaokota vitanzi vya pembeni unakuwa na vitanzi 80 na zaidi, halafu unavipunguza hadi urudi kwenye 64, na katika safari hiyo yote urefu wa mzunguko unabadilika kila mara. Rangi haziwezi kutulia.

Kabla ya jozi nyingine, fuma kipande kidogo cha mviringo kwa sindano utakazotumia, tia alama kwenye uzi, fuma vitanzi 20, tia alama nyingine, fumua, unyooshe uzi bila kuuvuta na upime. Gawanya kwa 20, zidisha kwa idadi ya vitanzi vyako, kisha linganisha na urefu wa duru ya rangi. Ukiona duru inagawanyika kwa mzunguko bila baki, au kwa baki dogo sana, badilisha idadi ya vitanzi. Kwa hesabu yako, vitanzi 56 vingekula kama sentimita 62, na hapo duru ingeisha baada ya mizunguko miwili na robo, jambo ambalo lingezitawanya rangi vizuri, ingawa sijui mguu wa mteja wako ni mwembamba kiasi hicho. Kama idadi ya vitanzi haibadiliki, gawa uzi katika madonge mawili, fuma mzunguko mmoja kwa donge hili na mzunguko unaofuata kwa donge lile, na usikaze uzi unapobadilisha, maana ukikaza patatokea mfereji.

Fundi wa Kaloleni, Arusha

Namuunga mkono Mama wa Majengo katika yote isipokuwa hilo la madonge mawili, ambalo wengi hulisema nusu. Kama madonge yote mawili yametoka katika fungu lilelile na yote yanaanzia kwenye bluu, yatatembea pamoja kama watu wawili wanaovaa sare, na vipande vitabaki pale pale, ila kila mstari utakuwa umerudiwa mara mbili. Donge la pili lianze mahali tofauti. Kata na tupa kipande chenye urefu wa theluthi ya duru, au anza kulifuma donge la pili kutoka upande wa ndani, ambako mpangilio wa rangi unakuja kinyume.

Hata hivyo mimi ni mpaka rangi kabla ya kuwa mfumaji, na kwa maoni yangu dawa iko kwenye kamba, haiko kwenye sindano. Viti viwili vinatoa fungu fupi mno. Ukizungusha uzi kwenye nguzo mbili za kuanikia nguo zilizoachana mita 3 na sentimita 15, duru moja inakuwa sentimita 630, yaani mizunguko tisa ya soksi yako, na kila rangi katika tatu hizo inapata mizunguko mitatu kamili. Hapo unapata mistari ya kulala, na mkono ukikaza kidogo mistari inabaki mistari, inabadilika unene tu kwa kiasi ambacho hakuna mteja atakayekiona. Baada ya kuzungusha, lifunge fungu mahali pengi, likunje kama nyoka aliyelala ili liingie kwenye sufuria, na upake kila rangi kwenye mikunjo yake. Kama unachotaka ni ule mtawanyiko wa mawe ya mtoni, basi fanya kinyume: paka vipande vifupi vya urefu usiolingana, kimoja sentimita 5, kingine 12, kingine 8, na usivirudie kwa mpango.

Nina onyo moja kwa wanaotoka kwenye batiki kama mimi. Usichukue rangi yako ya batiki pamoja na kostiki soda ukadhani itafaa kwa sufu kama inavyofaa kwa pamba. Kostiki ikipata moto huila sufu hadi inayeyuka, na nimepoteza uzi wa jozi mbili kwa ujinga huo. Sufu inataka asidi, siki inatosha, na joto la kupanda polepole. Maji ya Arusha yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, na rangi za sufu hazihitaji zaidi ya hapo, lakini yasichemke kwa fujo wala usiukoroge uzi, la sivyo utasongamana. Na wale wanaonunua uzi wa akriliki madukani wajue kwamba rangi ya siki haitaushika kabisa. Ukiwa na shaka choma ncha ya uzi: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanavurugika, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Mwanagenzi, Usa River

Mimi visigino na ncha za vidole navifuma kwa uzi wa rangi moja, na tatizo la mabaka limeniishia. Unaweza pia kuacha kisigino kwanza: ukifika mahali pake unafuma nusu ya vitanzi kwa kipande cha uzi mwingine, unaendelea na mzunguko kama kawaida hadi vidoleni, halafu mwishoni unakitoa kile kipande na kufuma kisigino kwenye vitanzi vilivyobaki wazi. Rangi za mguu zinashuka hadi kwenye wayo bila kukatika. Ubaya wake ni kwamba kisigino cha namna hiyo hakina kina, na mtu mwenye wayo uliopinda juu atalalamika kuwa soksi inambana, hivyo ongeza mizunguko miwili mitatu kabla ya kuanza kupunguza.

Mzee wa Machame

Binafsi sioni ubaya wa soksi zisizofanana, maana uzi uliopakwa kwa mkono haujaapa kufanana. Lakini mteja alilipia jozi, na hapo sina la kujibu.

Mfumaji wa Njiro, Arusha

Mama wa Majengo, shikamoo, na asante sana. Nimefumua kidogo katika kila soksi na kupima. Katika ya kwanza vitanzi 20 vimekula sentimita 22 kamili, katika ya pili 21 na nusu. Nusu sentimita tu! Nimehesabu kwa njia yako nikaona rangi zinasogea vitanzi viwili na kidogo kila mizunguko miwili, na nikipitia shingo yote napata mzunguko mmoja kamili na kidogo, ndivyo soksi ilivyo. Sababu ninaijua pia. Ya kwanza niliifuma jioni nyumbani, ya pili karibu yote niliifuma ndani ya basi nikienda na kurudi Moshi kumwuguza shangazi, na kwa jinsi madereva wanavyoendesha, sishangai kwamba mkono ulikaza.

Fundi, nguzo zangu za kuanikia zimeachana mita 2 na sentimita 80, kwa hiyo duru itakuwa sentimita 560, mizunguko minane. Rangi tatu haziingii sawasawa kwenye minane, basi nitapaka rangi nne, mizunguko miwili kila moja, na nimeongeza kijani cha jani la mgomba. Kisigino nitafuata ushauri wa kwanza wa Mwanagenzi na kukifuma kwa uzi wa bluu tupu, bila kukiacha hadi mwisho, kwa sababu mteja wangu ana wayo mrefu uliopinda na sitaki kumpa sababu nyingine ya kunicheka.

Ile soksi ya pili nimeifumua yote. Uzi ulijikunja kama nywele zilizosukwa, nikauloweka, nikautundika ukiwa na kikombe cha udongo chini yake kwa uzito, na asubuhi ulikuwa umenyooka. Nitaifuma tena kwa vitanzi 64, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, ili ifanane na ya kwanza, na jozi hiyo ya vipande vya wima ataichukua binti yangu, ambaye ameshaiomba mara mbili.