Naomba ushauri: kwenda Tabo, Himalaya. Nipite Shimla au Manali?

Mto Manonga (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni Mtanzania, nasoma India, jimbo la Punjab, niko mwaka wa mwisho. Mitihani inaisha wiki ya tatu ya Mei na mwanzoni mwa Juni narudi nyumbani moja kwa moja. Kabla sijaondoka nataka nifike Tabo, kamji kadogo kwenye bonde la Spiti, karibu na mpaka wa Tibet. Pale kuna makao ya watawa wa Kibudha yaliyojengwa mwaka 996. Kuta ni za udongo mtupu, na watawa wanasali humo mpaka leo.

Tunakwenda wawili, siku 7 kwenda na kurudi. Swali langu ni moja tu: tupite Shimla na Kinnaur, au tupite Manali? Pia naomba kujua nguo gani za baridi zinafaa, mwenzangu baridi haimpendi. Naombeni majibu ya kistaarabu. Nawasilisha.

Kibonde wa Sinza
Siti ya mbele kabisa. Uzi wa safari bila picha ni ugali bila mboga, mkuu.

Msafiri 254
Bro, nilisoma Pune miaka minne na huko nimefika. Manali sahau. Njia ile inapanda kipito cha mlimani kinaitwa Kunzum, zaidi ya mita 4,500, na mwezi wa Mei mara nyingi bado imezikwa na theluji. Pita Shimla. Mkifika Reckong Peo mshuke mtafute kibali, maana kutoka hapo mpaka kizuizi cha Sumdo mgeni hapiti bila hiyo karatasi. Mko wawili, hiyo inasaidia, mtu akiwa peke yake huwa anazungushwa. Msifike Jumapili, ofisi imefungwa. Mimi nilifika Jumapili nikakaa kutwa naangalia miti ya matufaha kama mlinzi wa shamba.

Basi la serikali linatoka Peo asubuhi kwenda Kaza, mji mkubwa wa Spiti, linawashusha Tabo. Dereva wa huko hana shida, shida ni barabara. Mkishapita kijiji cha Nako kuna korongo linaitwa Maling, mlima unateremsha mawe na tope pale ukijisikia. Likifunga, mnalala upande mlioko.

Mpagazi Mstaafu
Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja, kwa hiyo mnisikilize. Hiyo Tabo nimeangalia, mita 3,280. Ni chini ya kambi yetu ya Horombo, ambayo ni 3,720. Horombo sisi tunafika tunapika ugali, tunapiga stori. Mzungu mmoja alipanda anakimbia, tukimwambia pole pole anacheka. Usiku akawa anaongea na hema. Tukamshusha kwa kitanda cha gurudumu moja, na njia nzima analia anamtaja mbwa wake. Kwa hiyo pole pole tu, maji mengi, supu, mtafika.

Mzee wa Kanisa
Kijana, umemaliza masomo kwa neema ya Mungu, shukrani yako ndiyo kwenda kuinamia masanamu? Hela hiyo ungemtumia mama.

Kibonde wa Sinza
Mzee, watu wanakwenda magofu ya Kaole kila siku na hakuna anayerudi amebadili dini. Muache kijana aangalie udongo.

Mama Watatu
Mwanangu, hongera kwa kufika mwaka wa mwisho. Nina swali dogo. Huyo mwenzako baridi "haimpendi" vipi? Mimi nina sababu ya kuuliza.

Mto Manonga (mleta mada)
Ahsante mama, shikamoo. Ni baridi tu ya kawaida, si unajua sisi wa Kahama. Msafiri 254 ubarikiwe sana, Manali nimeifuta. Je, kwa siku 7 tunaweza kuongeza na Kaza na yale makao ya watawa ya Key yaliyojengwa juu ya kilima, au muda hautatosha?

Daktari wa Zamu
Mleta mada, Key iko juu ya mita 4,100. Kabla ya kuongeza huko, jibu swali la Mama Watatu vizuri. Mwenzako ana tatizo gani la afya? Ukavu wa maneno hivi huwa una kitu nyuma yake.

Mto Manonga (mleta mada)
Daktari, sikutaka kulileta hapa kwa sababu najua mtakavyoanza. Mwenzangu ni mdogo wangu wa damu, ana miaka 20. Ana sikoseli. SS.

Lakini nisikilizeni kabla hamjanirukia. Anatumia dawa yake ya haidroksiurea kila siku, anakunywa maji, na hajalazwa tangu 2021. Alikuja na ndege kutoka Dar mpaka Delhi salama salimini. Wikiendi iliyopita nilimpandisha Shimla, mita 2,200, kwa makusudi kabisa ili tujaribu, na hakuna kilichotokea. Anasoma uchoraji. Hiyo Tabo ni ndoto yake, siyo yangu. Ukumbi mkubwa una sanamu za udongo zaidi ya 30 zimetoka ukutani kama zinaelea, ukubwa wa mtu, na chini yake picha za rangi za karne ya 11. Ndani hakuna taa, mwanga unaingia kwa juu tu, na kupiga picha hairuhusiwi. Ukitaka kuona ni lazima uende mwenyewe. Wahindi wanaiita Ajanta ya Himalaya. Na dereva nimeshampa rupia 9,000 za kushikilia gari. Nilichouliza mimi ni njia.

Mama Watatu
Nilijua. Wa kwangu wa kati ni SS. Tukitoka Moshi mjini kwenda kwa bibi yake kule juu migombani, mwezi wa saba, namvalisha soksi mbili na bado usiku nakesha namkanda magoti kwa maji ya moto. Na hapo sijafika hata nusu ya hizo mita zako.

Mpagazi Mstaafu
Niliyosema kuhusu Horombo nayafuta. Sikujua.

Daktari wa Zamu
Mkuu, nikujibu moja moja bila ugomvi. Chembe nyekundu za mdogo wako zikipungukiwa oksijeni zinajikunja kama mundu, ndiyo maana tunaita selimundu. Zikijikunja zinaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Tabo, kila pumzi moja inampa kama theluthi mbili tu ya oksijeni anayoipata Dar. Na hamfiki Tabo kabla ya kupita Nako, zaidi ya mita 3,600. Ongeza baridi, ongeza kuchoka, ongeza kutokunywa maji kwa kuogopa kuomba gari lisimame. Vyote hivyo vinaamsha maumivu, kila kimoja kwa nafasi yake.

Ndege: ndani hewa inasukumwa, hali inakuwa kama mtu aliye mita 2,400 hivi, au chini ya hapo, na amekaa kwenye kiti kwa saa chache. Tabo atalala. Halafu Maling ikifunga, hospitali yenye vifaa iko upande wa pili wa mawe. Haidroksiurea inapunguza makali, haimbadilishi damu.

Mto Manonga (mleta mada)
Nimekuelewa, ila kuna ile dawa ya mlima wanayokunywa watalii. Na Delhi wanauza makopo ya oksijeni. Tukibeba makopo matano je?

Daktari wa Zamu
Dawa ile inamsaidia mtu mzima wa afya asiumwe kichwa, na inakojoza, wakati mdogo wako anahitaji kila tone la maji. Kopo ni la dakika chache. Usiku una saa ngapi?

Msafiri 254
Kama ni uchoraji, si mwende Dharamshala? McLeod Ganj ni chini ya Shimla, na pale bondeni kuna Norbulingka, mafundi wa Kitibeti wanachora thangka, zile picha za Kibudha za kwenye kitambaa, mbele ya macho yako. Ama kama Tabo ni Ajanta ya Himalaya, nendeni Ajanta yenyewe, Maharashtra. Mapango ya miamba, picha za Kibudha za zamani kuliko Tabo kwa karne kadhaa. Mimi nilienda na msichana mmoja wa Nashik, tukafika Jumatatu tukakuta pamefungwa, na mapenzi yakaishia pale pale getini.

Mama Watatu
Maharashtra mwezi wa Mei jua linapasua mawe. Jasho nalo linamkausha. Wewe kijana wa 254 mambo yako yote unayafanya siku ofisi zimefungwa.

Sungusungu
Samahani wakuu, mnalishwa chai. Nimepitia nyuzi zake za zamani. Mwezi wa pili huyu huyu alikuwa anauza pikipiki, nanukuu, "ipo Kahama mjini, njoo uione na uiwashe mwenyewe." Leo yuko Punjab anajua mita za kila mlima. Mwanzo "mwenzangu", baadaye "baridi ya kawaida", tukibana kidogo inakuja sikoseli. Kesho mtaletewa namba ya kuchangia matibabu.

Kibonde wa Sinza
Watibeti chai yao wanatia siagi na chumvi. Hii imekolea vyote.

Mzee wa Kanisa
Niliona mapema roho ya uongo.

Mpagazi Mstaafu
Mzee, wewe uliona masanamu.

Sungusungu
Athibitishe. Mwanafunzi wa Punjab ashindwe kutuma hata picha ya kitambulisho?

Mto Manonga (mleta mada)
Pikipiki ni ya mjomba. Hana simu janja, nilimwandikia tangazo mimi. Kitambulisho changu siweki mtandaoni, na sijaomba senti ya mtu hapa. Mnataka uthibitisho gani? Nimekaa kwenye ngazi za hosteli, saa nne usiku, joto digrii 38, feni ya korido imekufa tangu juzi. Dogo yuko ndani amejifunika blanketi miguuni, anachora chora kwenye daftari. Ndiyo hiyo. Asiyeamini apite.

Daktari wa Zamu
Subiri. Joto 38 na amejifunika blanketi miguuni?

Kibonde wa Sinza
Daktari naye kawa mpelelezi. Uzi umenoga.

Daktari wa Zamu
Kibonde, kaa kimya dakika moja. Mleta mada, ameanza lini kujifunika miguu?

Sungusungu
Amekimbia. Nilisema.

Mto Manonga (mleta mada)
Siyo kaka anayeandika. Ni mimi huyo dogo. Kaka amelala, simu ameiacha wazi kwenye huu uzi, nimeusoma wote tangu juu. Mmenijadili kama gunia la dagaa, lipite Shimla au lipite Manali.

Mimi nilimwonyesha kaka picha ya Tabo kwenye kitabu cha chuo. Kuna buluu moja nyuma ya mabega ya sanamu, imezeeka lakini haijafa, na karibu na paa udongo umepasuka mstari mwembamba ukashuka mpaka kwenye rangi. Nikamwambia ningependa kuiona hii. Basi. Kesho yake akaja amelipa gari. Mama alimwachia kazi ya kunitunza, na miaka yote minne yeye hajatembea popote kwa ajili yangu, hata harusi ya rafiki yake Jaipur hakwenda. Nilimwonea huruma nikasema twende.

Shimla usiku ule miguu iliniuma mpaka nikauma mto. Asubuhi nikamwambia sikulala kwa sababu ya mbwa. Daktari, blanketi ni tangu tuliporudi. Siku ya tano leo. Msimwambie.

Mama Watatu
Mwanangu jamani.

Daktari wa Zamu
Mdogo wangu, milima tuiweke pembeni. Una homa? Kifua kinabana ukivuta pumzi? Macho yamekuwa ya njano kuliko kawaida yako?

Mto Manonga (mleta mada)
Homa sina. Kifua hapana. Macho huwa ya njano, sijui kama yamezidi. Ni magoti na nyonga ya kulia.

Daktari wa Zamu
Kunywa maji sasa hivi, glasi mbili, na dawa ya maumivu uliyoandikiwa. Kesho asubuhi ukapime wingi wa damu, na hiyo nyonga ipigwe picha, usikubali kuambiwa ni uchovu. Usiku huu kifua kikibana au homa ikipanda, msisubiri asubuhi. Na mwamshe kaka yako umwambie wewe mwenyewe. Hapa atasoma mbele ya watu.

Sungusungu
Mimi bado sijaamini, ila kunywa maji.

Mto Manonga (mleta mada)
Ni mimi mleta mada. Nimeamka saa kumi na mbili nimekuta haya yote. Hakuniamsha. Nimempigia dereva, anasema atarudisha 4,000, zingine ameshaweka mafuta. Sawa. Dogo anafunga viatu, namsikia anavyovuta pumzi kila akiinama, sijui wiki hii yote nilikuwa nasikia nini. Tunakwenda kupima. Daktari, zaidi ya damu na hiyo picha ya nyonga, kuna kipimo kingine niwaombe?

Daktari wa Zamu
Oksijeni kwa kile kibanio cha kidole, na figo. Beba karatasi zake zote za Tanzania. Andika matokeo hapa, niko zamu mpaka mchana.

Sungusungu
Mkuu, samahani kwa ile chai. Dogo akitoka maabara tuambie. Halafu ile pikipiki ya mjomba, bado ipo?