Wadau, tumkatae kocha Jumamosi au tusubiri ligi iishe? Naombeni ushauri wa haraka

Katibu wa Chikongola
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki hapa Mtwara mjini. Timu siitaji jina, na mnaoijua naomba msiitaje, viongozi wanapita humu. Tuko mkiani, mechi zimebaki za kuhesabu, na kila nikilala naota tunashuka daraja.

Kocha ametuchosha. Nyumbani, mbele ya watu wake, anapanga mabeki watano na mshambuliaji mmoja kule mbele, amekaa peke yake kama mlinzi wa ghala la korosho. Tukifungwa anamtoa winga anaingiza kiungo mkabaji. Kuna kijana wa hapa hapa, mguu wa kushoto, tunamjua tangu Umitashumta, michezo ya shule za msingi, hapewi hata dakika kumi. Mechi iliyopita tuliongoza mpaka mwishoni, akarudisha timu nzima langoni, zikapigwa kona mbili yakaingia mabao mawili. Mzee wetu mmoja wa tawini aligoma kuinuka jukwaani mpaka walinzi wakataka kufunga geti.

Jumamosi tunacheza ugenini, si mbali sana. Wanachama wanataka twende na mabango ya kumtaka ajiuzulu, tuimbe dakika zote tisini, na mechi ikiisha tusimame kwenye njia ya basi mpaka atamke neno. Wengine wanasema tusubiri. Mimi ndiye nitakayeulizwa likitokea lolote. Tumkatae vipi bila kuonekana wahuni? Chakula hakipiti.

Boda wa Mkanaledi
Mabeki watano nyumbani! Huyo akialikwa harusini anakaa karibu na mlango. Katibu, niwekee siti moja kwenye gari, nitalipa tukirudi na pointi.

Mzee wa Ligula
Mwanangu, pole. Nimekaa uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona miaka mingi, nimeona makocha wa kila namna. Ndanda, timu ya hapa Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu 2014, mechi ya kwanza kabisa ilikwenda Shinyanga ikaipiga Stand United 4-1. Mji huu haukulala. Watu walitoka Mikindani kwa miguu kuja kusikiliza tu wenzao wanavyosimulia. Miaka iliyofuata tukawa tunafungwa mechi mbili, tunaimba kocha aondoke, anaondoka, anakuja mwingine, tunaimba tena. Mwaka 2020 timu ikashuka. Hakuna kocha hata mmoja kati ya wale aliyeshuka nayo moyoni, tulishuka nayo sisi. Namkumbuka marehemu kaka yangu, yeye hakuwahi kuimba wimbo wa kumfukuza mtu, alikuwa anakaa na redio sikioni hata akiwa uwanjani...

Hesabu za Mkia
Mzee shikamoo, ila hapo nitapingana na wewe kidogo. Kuna makocha wanaoshusha timu kwa mikono yao. Lakini Katibu naye ajibu jambo moja. Mshambuliaji aliyekuwa anafunga mzunguko wa kwanza yuko wapi? Kama aliuzwa dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, na hakuletwa mwingine, kocha anayepanga mmoja mbele anapanga alichonacho. Kucheza mabeki watano ni kuomba sare, na timu ya mkiani ikipata sare ugenini ni mtaji. Kosa lake ni kufanya hivyo nyumbani. Hapo nakuunga mkono asilimia mia, nyumbani unatafuta bao la kwanza ndani ya nusu saa, watu wakiwa bado wana sauti.

Katibu wa Chikongola
Mshambuliaji aliondoka, ndiyo. Lakini hata na waliopo, huwezi kumweka nje kijana mwenye uwezo wa kupiga krosi kutoka kushoto, halafu upande huohuo ukampanga beki wa kulia. Nauliza kuhusu Jumamosi, jamani.

Dada wa Mikindani
Kaka Katibu, gari ni la nani na kalipa nani? Naona swali hili mmeliruka wote.

Katibu wa Chikongola
Coaster ya kukodi. Tumechanga wenyewe wanachama, hela zetu za korosho. Turudi kwenye mada.

Mkulima wa Tandahimba
Subiri hapo hapo mjomba. Hela ya korosho mwezi huu? Minada ilishafungwa zamani, ghala zimefagiliwa, huku sasa hivi tunawaza salfa itagawiwa lini tuanze kupuliza. Malipo ya msimu yalipita benki, yakalipa ada, yakalipa mabati, yakaisha. Nionyeshe shabiki wa mpira mwenye hela ya korosho wakati mikorosho yenyewe bado haijatoa maua. Gari kalipa mtu mwingine.

Dada wa Mikindani
Ndiyo maana nikauliza.

Katibu wa Chikongola
Sawa. Nilitaka kuliweka pembeni kwa sababu najua mtalishikilia hilo na kuacha ushauri. Kuna kiongozi mmoja wa klabu alituita. Alisema wao mikono imefungwa, kocha ana mkataba mpaka msimu ujao, wakimfukuza watadaiwa mishahara yote iliyobaki. Akiondoka mwenyewe, hawadaiwi. Akasema nyinyi mashabiki mna sauti, isikike. Akatoa hela ya gari, vitambaa na rangi.

Sasa kabla hamjaanza: nauli siyo hongo. Mimi sijala shilingi. Na tulikuwa tunamtaka aondoke kabla hata hatujaitwa. Kama mtu anakulipia nauli uende unakotaka kwenda, kosa liko wapi?

Boda wa Mkanaledi
Mimi siti yangu naifuta. Nilidhani naenda kwenye mpira.

Sheria Mkononi
Nikusaidie kwa upande huo. Kocha akivunjiwa mkataba bila sababu ya msingi, anadai. Wa kigeni huweza kupeleka shauri FIFA, na klabu ikishindwa kesi ikagoma kulipa, hufungiwa kusajili wachezaji mpaka imalize deni. Klabu za hapa kwetu zimeshakumbwa na hilo, siyo hadithi. Kwa hiyo kiongozi wako hesabu yake anaijua vizuri: badala ya klabu kulipa fidia, analipa Coaster.

Halafu hilo la kuziba njia ya basi. Mtakapozuia, ripoti ya kamishna wa mechi itaandikwa, Bodi ya Ligi itaipiga faini klabu yenyewe, na polisi hawatamchukua kiongozi aliyebaki Mtwara. Watamchukua katibu. Imbeni mnavyotaka, mabango mazuri bila matusi mnaweza kubeba, lakini basi liacheni lipite.

Mzee wa Ligula
Rudisha hela hiyo, mwanangu. Leo leo. Ukishakula cha mtu kwenye jambo kama hili, msimu ujao atakuita umzomee mchezaji, baadaye atakuita umzomee mgombea mwenzake kwenye uchaguzi wa klabu.

Katibu wa Chikongola
Nirudishe na nini, mzee wangu? Mwenye gari ameshachukua nusu. Vitambaa vimekatwa, rangi imekauka. Kuna bango moja lina urefu wa jukwaa zima. Wanachama wananisubiri, nikiwaambia safari imekufa wataniona nimenunuliwa na kocha.

Mama Lishe wa Shangani
Mimi mpira siujui sana, nasoma tu nikisubiri maharage yaive. Niliwahi kuwapikia wachezaji wa timu moja, jina nitalihifadhi kama Katibu alivyohifadhi lake. Mwanzo wanalipa kila wiki. Baadaye wanalipa kila mwezi. Baadaye wanakuja watoto wa watu, warefu, wenye njaa, wanainamisha kichwa wanasema mama andika. Daftari likajaa. Siku ya mechi natazama wanashindwa kukimbia, watu jukwaani wanamtukana kocha, na mimi najua asubuhi walikunywa chai ya rangi na chapati moja moja. Kocha mwenyewe alikuja siku moja akalipa deni la wawili mfukoni mwake. Hakunituma nisimulie, nasimulia mwenyewe.

Katibu, wachezaji wenu wamelipwa?

Hesabu za Mkia
Swali la mama hilo ndilo lilitakiwa liwe la kwanza. Hata la kwangu la mshambuliaji lifutwe.

Jicho la Jukwaani
Wakuu mnapoteza muda. Hii ni chai, tena ya moto. Soma tangu juu. Tawi lina katibu, mwenyekiti hatajwi popote. Mechi ni ugenini "si mbali sana", kutoka Mtwara, ambako kwenda Lindi tu ni zaidi ya kilomita mia! Shabiki wa kawaida anajua mkataba wa kocha unaisha lini na fidia inakaaje? Hela ilikuwa ya korosho, ikabadilika ikawa ya kiongozi, mkikaza kesho itakuwa ya mbunge. Huyu ni kocha msaidizi anataka kiti. Anapima upepo humu.

Boda wa Mkanaledi
Kocha msaidizi haandiki "chakula hakipiti". Huyo ni kipa wa akiba.

Dada wa Mikindani
Wala siyo kocha wala kipa. Angalieni anamtaja nani kila anapopata nafasi. Yule kijana wa mguu wa kushoto. Mara krosi, mara Umitashumta, mara hapewi dakika. Kumi zingemtosha? Katibu, kijana ni nani yako?

Jicho la Jukwaani
Hata huyo kijana hayupo. Katungwa.

Mkulima wa Tandahimba
Mjomba, jibu.

Katibu wa Chikongola
Yupo. Siyo wa kutungwa, na nisingependa mtu amwite hivyo. Ni mtoto wa dada yangu. Nimemlea mimi, viatu vyake vya kwanza vya mpira nilinunua mimi, na siku anasaini mkataba nilikaa naye mezani, ndipo nikajua mambo ya mikataba yanavyokwenda. Sasa Jicho la Jukwaani umepata jibu lako. Mwenyekiti wetu yuko Dar anauguza, ndiyo maana simtaji. Na kwa sisi tunaofuata timu mpaka Mbeya na Bukoba, safari ya kurudi siku hiyohiyo siyo mbali.

Lakini udugu haubadilishi kitu. Mabeki watano mmewaona wote. Mtoto anakaa benchi msimu mzima, anarudi nyumbani hasemi neno. Mimi ndiye mjomba wake. Nisiposema mimi, aseme nani?

Mzee wa Ligula
Kwa kweli mjomba lazima aseme. Hilo sikulaumu. Ila nenda kamwone kocha, bisha hodi, sema mimi ni mjomba wa fulani. Mabango ya hela ya mtu ya nini?

Hesabu za Mkia
Na mkumbuke kocha mpya akija na mechi hizi chache, mtu wa kwanza kumwogopa ni kijana ambaye hajacheza. Atapanga wazoefu. Mpwa wako atakaa benchi vilevile.

Jicho la Jukwaani
Bado siamini, lakini nimekaa nafuatilia.

Mama Lishe wa Shangani
Baba, sijajibiwa. Tena sasa ni rahisi zaidi, muulize mpwa wako. Amelipwa?

Katibu wa Chikongola
Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Hajalipwa tangu dirisha dogo lifungwe. Wenzake wengi hivyo hivyo. Nauli ya kwenda mazoezini huwa natoa mimi, nilidhani anatumia vibaya mshahara.

Bado nasema kocha anakosea kupanga timu. Hilo la mishahara ni jambo jingine na hili la kupanga timu ni jingine.

Dada wa Mikindani
Hela ya mishahara hakuna, ya Coaster na vitambaa imepatikana.

Sheria Mkononi
Mpwa wako pia ana mkataba. Mchezaji asiyelipwa ana pa kudai, TFF, shirikisho letu la mpira, ina kamati inayoshughulikia hadhi za wachezaji. Aandike barua kwa klabu kwanza, awape siku za kulipa, abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Asigome mazoezi, wasije wakamgeuzia kibao. Ukitaka nikusaidie kuiandika, nitumie ujumbe pembeni.

Mkulima wa Tandahimba
Mjomba nisikilize. Kitambaa kina pande mbili. Upande mmoja mmeshaandika kocha ajiuzulu. Geuza, andika WACHEZAJI WALIPWE. Gari ni la kukodi, halina jina la mtu.

Katibu wa Chikongola
Kiongozi akiona picha hiyo tawi letu litafutwa Jumatatu. Na mpwa wangu ndani ya timu atakuwa mgeni wa nani? Mnazungumza kirahisi.

Mkulima wa Tandahimba
Basi nyinyi imbeni mnachotaka kuimba. Sisi huku tupo kama wanane hivi tunaofuata timu hii hii, maana nimeshaijua ni ipi. Tunakuja na Noah yetu, mafuta tunachangia wenyewe, na kitambaa tutaandika sisi. Tutakaa mbali na nyinyi ili usiulizwe.

Mama Lishe wa Shangani
Mkipita Shangani chukueni maandazi. Hayo siandiki daftarini.

Katibu wa Chikongola
Mkulima, mnakuja kweli? Mnapitia Mtwara mjini au mnakatisha Newala na Masasi? Niambie saa, nina mtu mmoja hataki kupanda Coaster yetu.