Manjano kwenye kitimoto: yanazuia lehemu (kolesteroli) kuoksidika au ni rangi tu?

Jiko_Uyole: Heshima kwenu wakuu. Kilo moja ya kitimoto inataka manjano kiasi gani ili lehemu yake isioksidike, yaani isiharibiwe na oksijeni, wakati wa kukaanga? Natumia alizeti ya Iringa. Halafu alizeti si haina lehemu, sasa shida inatoka wapi?

Kemia_ya_Sufuria: Inatoka kwenye alizeti hiyohiyo, mkuu. Lehemu haina, ila imejaa asidi ya linoleiki, aina ya asidi ya mafuta, ambayo ikipata moto na hewa huzaa radikali huru, yaani chembe zisizotulia. Hizo ndizo huivamia lehemu ya nyama, ikageuka vitu kama 7-ketokolesteroli, yaani lehemu iliyokwisha kuoksidika. Kukumini, kiini cha rangi ya manjano, huipa radikali atomi ya haidrojeni, mnyororo wa uharibifu ukakatika.

Weka kijiko kimoja cha chai, kama gramu 3. Kukumini humo haifiki hata miligramu 150, kwa hiyo usiipoteze. Koroga unga kwenye vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya vuguvugu, maana kwenye maji kukumini haiyeyuki. Kamulia ndimu, paka nyama, acha nusu saa. Chumvi ije mwishoni, inachochea oksidisheni. Mafuta yakishaanza kutoa moshi umechelewa: manjano yanaungua na kuwa machungu.

Binti_Mafinga: Nyongeza: magadi yasikaribie. Rangi ikigeuka nyekundu, kukumini inavunjika. Karai lenye kutu nalo ni kichocheo. Na pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, usiseme "binzari" tu, utafungiwa mchanganyiko. Taja manjano, kisha yaweke gizani, mwanga unayaua.

Jiko_Uyole: Asanteni. Nyama ikilala je?

Kemia_ya_Sufuria: Hapo ndipo penye kazi. Moto huachia madini ya chuma yaliyo kwenye nyama, kwa hiyo iliyopikwa huoksidika haraka kuliko mbichi. Funika ikiwa imezama kwenye mchuzi, weka kwenye friji, pasha mara moja tu. Mafuta ya jana usiyategemee: manjano huchelewesha uharibifu, hayaurudishi nyuma.

Nesi_Njombe: Msiyachanganye haya na lehemu ya damu. Kukumini hufyonzwa kidogo mno. Utafiti wa 1998 ulitumia gramu 2 pamoja na miligramu 20 za piperini ya pilipili manga, ufyonzaji ukaongezeka kwa asilimia 2000, lakini kijiko cha manjano kwenye mchuzi hakifikii dozi hiyo. Anayemeza dawa za lehemu aendelee nazo. Mwenye mawe ya nyongo au anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiguse vidonge vya kukumini kabla ya kumuona daktari.