Vizibo vya gome vya chupa za mvinyo: maboya, vikalio vya sufuria au mboji?

Mhudumu wa Hoteli, Bagamoyo: Ndugu zangu, habari za jioni. Hotelini kwetu limejaa gunia zima la vizibo vya mvinyo, na kabla halijapelekwa dampo naomba tulinganishe njia tatu: kuvifanya maboya ya nyavu, kuvigundisha viwe vikalio vya sufuria, au kuvichanganya na mboji.

Fundi Seremala: Vichambue kwanza, kwa maana vipo vya plastiki vilivyotiwa rangi ya gome. Ukikata cha asili utaona vitundu na mistari isiyolingana, ilhali cha chembe zilizoshikanishwa kwa gundi hufanana na kashata. Kwa kikalio, vipasue kwa urefu, kisha ugundishe upande bapa kwenye ubao. Vipande 18 vinatosha ubao wa sentimita 15 kwa 15, na gome halipitishi joto kwa urahisi.

Mama Bustani: Mboji hapana. Vyangu vimepita masika mawili na bado ni vizima.

Nahodha wa Ngalawa: Kizibo cha kawaida kina uzito wa gramu 4 hivi, nacho kikizamishwa husukuma maji ya gramu 20, kwa hiyo kinaweza kubeba gramu 16. Hizo zinatosha mshipi au wavu mwepesi wa maji mafupi. Kwa jarife, wavu mkubwa wa samaki wakubwa kama papa, usithubutu. Wengi wetu hukata ndala chakavu, ambazo humomonyoka na kuacha plastiki baharini, wakati kizibo hiki ni gome la mti wa aina ya mwaloni wa Ureno na Hispania, linalobanduliwa kila baada ya miaka 9 hivi bila mti kukatwa. Kitoboe kwa msumari wa moto.

Mhudumu wa Hoteli: Nahodha, je, wavuvi hawatakataa kitu kilicholowa mvinyo?

Nahodha wa Ngalawa: Wapo watakaokataa hata ukivichemsha mara tatu, na ni haki yao, mwambie kila mtu vimetoka wapi kabla hajavipokea. Ndiyo maana naona maboya yatapokelewa kuliko vikalio, ambavyo ungewapelekea watu hadi jikoni kwao.

Fundi Seremala: Hapo Nahodha amenishinda. Vikalio vibaki humo humo hotelini.

Mhudumu wa Hoteli: Nimeelewa. Kesho naanza kuchambua, na vya kashata nitamwachia Fundi.