Naomba ushauri: nataka kurekodi mikstepu yangu mwenyewe nyumbani

Mwanzisha uzi:
Wakuu, salamu. Nachana (narap), na mistari ya nyimbo kama kumi na tano za mikstepu, yaani mkusanyiko wa nyimbo ninaoutoa mwenyewe, iko tayari. Nina kompyuta, hedifoni na maiki ya USB. Biti (midundo) nimepakua mtandaoni, nyingi zimeandikwa "bure". Shida ni kwamba nikirekodi chumbani nasikika kama niko bafuni. Ninunue maiki kubwa zaidi? Na nikimaliza naweza kuziweka Spotify? Msaada tafadhali, kejeli hapana.

Mzee wa Maiki:
Hela ya maiki iache mfukoni kwanza. Kinachokuangusha ni chumba. Maiki ya bei kubwa itanasa mwangwi uleule, tena kwa ufasaha zaidi. Maiki nyingi za aina hiyo husikiliza upande wa mbele, yaani zinakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Kwa hiyo blanketi nzito au godoro likae nyuma yako na pembeni, si nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya. Mbele ya kabati lililojaa nguo mambo huwa mazuri pia.

Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na kichujio cha pumzi katikati, la sivyo kila P itapiga kishindo. Zima spika, vaa hedifoni: biti ikishavuja kwenye vokali, yaani sauti yako iliyorekodiwa, kuitoa ni kazi. Sauti yako ya juu kabisa iishie karibu na -10 dB kwenye mita ya programu ya kurekodi. Ikigonga sifuri inapasuka, na hapo ni kurudia tu.

Hakimiliki Kwanza:
Mbona hilo neno "bure" mmelipita? Mara nyingi maana yake ni bure kwa matumizi yasiyoingiza pesa. Spotify ni biashara. Soma masharti ya kila biti, kisha ulipie leseni. Ya kukodi ni nafuu, ila huwa na kikomo cha idadi ya kusikilizwa, na prodyuza anaendelea kuwauzia wengine biti hiyohiyo. Risiti na mkataba vitunze.

Na usidanganywe kwamba mikstepu haina mwenyewe. Januari 2007 polisi kule Atlanta walivamia studio ya DJ Drama, DJ wa hip hop wa Marekani, wakamkamata na kubeba CD zake za mikstepu kwa madai kwamba zilisambazwa bila idhini ya wenye nyimbo.

Mpita Njia:
Kumi na tano za nini mkuu? Chagua saba kali.

Mwanzisha uzi:
Saba zitaniuma, ila nimekuelewa. Vipi miksi, yaani kusawazisha sauti yangu na biti, nifanye mwenyewe au nimpe mtu?

Fundi Mitambo:
Rekodi mwenyewe, miksi mpe mtu kama unaweza. Sikio lililosikia wimbo mara mia halisikii kasoro. Ukiamua kujifunza, programu ya kurekodi iitwayo Reaper unaijaribu siku 60 bila kulipa. Kwenye vokali kata masafa ya chini ya Hz 80 hivi, maana huko kuna muungurumo tu. Masta, yaani toleo la mwisho la wimbo, usiikamue kwa kutafuta kelele. Spotify hushusha nyimbo hadi takribani -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo utabaki na wimbo uliobanwa ambao hauna hata sauti kubwa.

Unapomtumia fundi, mpe faili za WAV (zisizobanwa kama MP3), vokali zikiwa hazina madoido, zote zianzie sekunde ya sifuri, na umwandikie kasi ya biti. Prodyuza naye muombe vyombo vikiwa vimetenganishwa. Ukileta MP3 moja ya biti nzima, besi ikizidi sauti yako hakuna wa kukusaidia.