Diski mbili za NAS zimeanguka ndani ya siku moja: nijenge upya, nitumie programu au nipeleke maabara?

picha_za_ziwa (Mwanza)

Wakuu, habari za usiku. Naomba mnisaidie kwa utulivu, maana hapa ndipo unapotoka ugali wa nyumba yangu.

Nina studio ya picha na video. Kazi zote tangu 2017 zimo kwenye NAS (kisanduku cha kuhifadhia data kupitia mtandao) ya nafasi nne: diski nne za terabaiti 4, RAID 5 (diski zote zinafanya kazi kama hifadhi moja). Imejaa kama terabaiti 7 hivi. Jumapili taa ya diski ya tatu iliwaka nyekundu. Jumatatu nikanunua diski mpya, nikachomoa ile mbovu, nikachomeka mpya, hifadhi ikaanza kujijenga upya. Ilipofika asilimia 38 diski ya kwanza nayo ikatupwa nje ya kundi. Sasa folda zote zimetoweka na mfumo unasema hifadhi imeanguka. Kuna kitufe cha kurekebisha. Sijakigusa.

Naona njia nne: nibonyeze hicho kitufe, nichomeke diski kwenye kompyuta ya Linux, ninunue programu ya Windows, au nizitume kwa watu wenye maabara. Kuna harusi tatu sijakabidhi, na bekapu sina. Nilidhani RAID yenyewe ndiyo bekapu. Ipi nianze nayo?

chipu_kkoo

Pole sana kaka. Mimi yangu iligoma hivyohivyo mwaka juzi. Nilizima, nikachomoa diski zote, nikapuliza vumbi, nikarudisha na kubonyeza kurekebisha. Ikapona. Anza na hiyo maana haina gharama.

seva_na_kebo (Arusha)

Chipu, nafurahi yako ilipona, lakini mwenzetu asifanye hivyo. Picha_za_ziwa, zima NAS sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Zima kwa kitufe chake cha kawaida, usichomoe waya. Kisha chukua kalamu ya alama uandike kwenye kila diski namba ya nafasi iliyokuwa imekaa. Ile ya tatu ya zamani iandike "3 ZAMANI", na usimpe mtu, usiitupe.

Sababu ni hii. RAID 5 ya diski nne inavumilia kupotea kwa diski moja tu. Ulipoweka diski mpya, mfumo ulilazimika kusoma diski tatu zilizobaki kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho. Hiyo ni terabaiti 12 bila kupumzika. Diski nyingi za kawaida watengenezaji wanaziandikia kiwango cha kosa moja la kusoma katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani kama terabaiti 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko karatasi inavyosema, lakini unaona ulivyokuwa ukingoni? Diski ya kwanza huenda ilikuwa na sekta mbovu tangu zamani kwenye kona ambayo hakuna aliyeifungua kwa miaka, labda harusi ya 2018. Kujenga upya kukaifikia, diski ikashindwa kujibu, mfumo ukaitoa.

Maana yake diski ya kwanza pengine haijafa. Ina doa. Na diski mpya uliyoweka inaandikwa tu, haijaharibu kitu kwenye 1, 2 na 4. Uko pazuri kuliko unavyodhani, mradi pasiandikwe chochote tena.

Kitufe cha kurekebisha sikipendi kwa sababu hukijui kitafanya nini ndani. Kwenye mfumo mmoja kinajaribu kuunganisha kundi upya, kwenye mwingine kinaendesha ukaguzi wa mfumo wa faili juu ya kundi lililokaa vibaya, na huo ukaguzi unaandika. Ukishaandika juu ya pariti (data ya kukokotolea kilichopotea) isiyolingana, hata maabara haitakurudishia.

jokofu_trick

Niliwahi kusikia diski mbovu ikiwekwa kwenye friza usiku mzima inasoma kwa saa kadhaa. Hii haiwezi kusaidia?

seva_na_kebo (Arusha)

Usifanye, ndugu yangu. Ikitoka kwenye baridi unyevu unageuka matone juu ya sahani za ndani ya diski, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele mara maelfu. Tone dogo tu linatosha kukwangua.

mama_data254 (Nairobi)

Naongea kama mtu aliyelipa maabara, maana kazini tulifika huko. Swali la kwanza walilotuuliza halikuwa aina ya NAS. Waliuliza: diski inalia? Kama moja yako inatoa tiki-tiki-tiki, au inaanza kuzunguka kisha inasimama, usiiwashe tena, achana na Linux na programu zote. Hapo kichwa cha kusomea kimeumia, na kila sekunde inapozunguka inaweza kuwa inaparua data yenyewe. Kazi ya namna hiyo inataka chumba kisicho na vumbi na vichwa vya kubadilishia kutoka diski ya muundo uleule.

Ukiamua kutuma, tuma zote tano pamoja na ile ya zamani. Waulize mapema mambo mawili: hulipi kama hakuna kilichopatikana? Na utaonyeshwa orodha ya faili kabla ya kulipa? Asiyekubali la pili mimi simpi diski. Gharama wanahesabu kwa diski, kwa hiyo RAID inauma mfukoni. Sisi tulilipa kwa sababu zilikuwa hesabu za miaka na hapakuwa na njia nyingine. Wewe pengine unayo.

picha_za_ziwa

Asanteni mno, nimezima. Nimeandika namba. Nilichomeka diski ya kwanza peke yake kwenye kompyuta nikasikiliza: hailii, inazunguka kimya. Nikaendesha smartctl, programu ya kupima afya ya diski. Current_Pending_Sector (sekta zilizoshindwa kusomeka) ni 184. Reallocated (sekta zilizokwisha kubadilishwa) ni 16. Ya pili na ya nne ni sifuri zote. Ile 3 ZAMANI ina pending zaidi ya 2,000 lakini nayo inazunguka.

Kwa hiyo maabara niiweke pembeni kwanza?

seva_na_kebo (Arusha)

Iweke pembeni, usiifute. Diski nne zote zinazunguka bila kulia, hiyo ni kazi ya nyumbani. Ila kati ya Linux na programu ya Windows usichague bado, kwa sababu zote mbili zinaanza na hatua moja: nakala ya kila diski, sekta kwa sekta. Asiyetengeneza nakala anacheza na diski ya asili, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko jina la programu.

Tumia GNU ddrescue. Ni ya bure. Nakala ya kawaida ikikutana na sekta mbovu inang'ang'ana pale pale hadi diski inachoka. ddrescue inaruka, inachukua kwanza vyote vinavyosomeka, kisha inarudi kwenye mashimo. Inaweka faili ya ramani, hivyo umeme ukikatika inaendelea pale ilipoishia:

ddrescue -n /dev/sdb /mnt/kubwa/d1.img /mnt/kubwa/d1.map

Kisha raundi ya pili kwa zile ngumu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/kubwa/d1.img /mnt/kubwa/d1.map

Thibitisha mara tatu kwamba sdb ndiyo diski mbovu na kubwa ndiyo unakoandika. Ukigeuza, umefuta. Angalia namba ya utengenezaji iliyobandikwa juu ya diski, herufi zinaweza kubadilika kila unapowasha.

bahari_it (Mombasa)

Naongezea hapo. Huhitaji kununua diski nne za terabaiti 4. Nunua moja ya terabaiti 16 uweke nakala za 1, 2 na 4 kama faili: hizo ni 12. Diski nzima ya terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde inachukua kama saa saba na nusu, yenye madoa inaweza kuchukua siku. Na wakuu wa Mwanza, msifanye hii bila UPS (betri ya kushika umeme ukikatika).

Sasa Linux au programu? Mimi nimetumia zote mbili kazini. NAS nyingi za nyumbani na ofisi ndogo ndani yake ni Linux tupu: mdadm (programu ya Linux ya RAID), mara nyingi LVM (ya kugawa nafasi) juu yake, halafu ext4 au Btrfs (mifumo ya faili). Kwa hiyo Linux inazitambua bila kuambiwa mpangilio wa diski wala ukubwa wa vipande, maana kila diski imeandikiwa taarifa za kundi lake. Ni bure na ikikubali majina ya folda yanarudi kama yalivyokuwa.

R-Studio, UFS Explorer na ReclaiMe ni za kulipia, lakini zina jambo ambalo mdadm haikupi kwa urahisi: zinaunda RAID ya kufikirika kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila kuandika popote. Unaweza kubadilisha mpangilio wa diski mara kumi na hakuna kinachoharibika. Pia zinaonyesha orodha ya faili kabla hujalipa. Taarifa za kundi zikiwa zimefutika, mimi naenda huko moja kwa moja. Kwa hali ya mwenzetu ambaye taarifa bado zipo, naanza na Linux.

PhotoRec msinitajie kama suluhisho la kwanza. Inaokota faili bila majina wala folda. Hebu fikiria miaka ya harusi zikiwa f0012345.jpg.

chipu_kkoo

Nimejifunza. Ila swali: kwa nini asijenge RAID upya kwa mdadm --create halafu aseme diski zote ni safi? Nimeona mahali.

bahari_it (Mombasa)

Kwa sababu --create inaandika taarifa mpya juu ya zile za zamani. Ukikosea mpangilio, ukubwa wa kipande au sehemu data inapoanzia, umefuta ramani pekee uliyokuwa nayo. Amri sahihi ni --assemble --force, na juu ya nakala tu.

picha_za_ziwa

Siku ya nne. Nakala za 2 na 4 zimekamilika bila doa hata moja. Ya 1 ilichukua saa 31, imebakiwa na megabaiti 1.3 zisizosomeka. Moyo umetulia kidogo. Niendelee vipi?

seva_na_kebo (Arusha)

Megabaiti 1.3 kati ya terabaiti 4! Umefanya kazi nzuri. Zifanye zile faili za nakala zionekane kama diski kwa losetup -fP, kisha soma taarifa za kila moja:

mdadm --examine /dev/loop1p3

Sehemu ya data inaweza kuwa namba nyingine kwako, mara nyingi sehemu mbili za mwanzo ni mfumo wa NAS na swap. Tazama mstari wa Events, yaani hesabu ya mabadiliko ya kundi. Diski 2 na 4 zitakuwa sawa, ya 1 itakuwa nyuma kidogo tu kwa sababu ilitoka saa hiyo hiyo. Ikiwa nyuma kidogo, --force inafaa. Weka kwanza tabaka la muda juu ya kila nakala kwa dmsetup snapshot ili hata ukikosea nakala yenyewe ibaki kama ilivyo. Halafu:

mdadm --assemble --force /dev/md100 (tabaka la 1, la 2, la 4)
vgchange -ay
mount -o ro,noload (njia ya hifadhi) /mnt/okoa

Hilo noload ni la ext4, linazuia isitekeleze upya jarida lake (kumbukumbu ya mabadiliko), maana hilo lingeandika. Usiiweke diski mpya ndani ya kundi wala ile 3 ZAMANI. Tatu zinatosha.

picha_za_ziwa

ZIMEFUNGUKA. Folda zote zipo, 2017 hadi juzi. Harusi tatu ambazo sijakabidhi zipo na zinacheza. Nimelia mbele ya mke wangu, sioni aibu kusema. Ninazinakili kwenye diski nyingine mbili, moja nitaipeleka kwa kaka yangu nyumba tofauti kabisa.

Imebaki moja. Video ya sendofu ya 2021, gigabaiti 40, inakwama katikati na rangi zinakuwa kijani. Nadhani ndipo shimo lilipo. Mzazi mmoja wa bibi harusi huyo ameshafariki, na familia nakala yao waliipoteza. Kuna njia?

bahari_it (Mombasa)

Inawezekana, na ndiyo maana uliambiwa usitupe 3 ZAMANI. Kwenye kundi ulilounganisha, pale diski 1 ilipo na shimo hapana cha kukokotolea, maana 3 haimo. Lakini ukiunganisha 2, 3 ZAMANI na 4, kipande cha 1 kinakokotolewa kutoka hizo tatu. Faili ni ya 2021, haijaguswa tangu diski 3 ilipoanguka Jumapili, kwa hiyo vipande vyake kwenye 3 bado ni halali. Kinachohitajika ni kwamba madoa ya 3 yasiangukie kwenye vipande vya faili hiyo, na kwa mashimo madogo hivyo uwezekano ni mkubwa upande wako.

Hapa sasa ndipo ninaposema tumia programu ya kulipia, si mdadm. 3 ZAMANI iko nyuma sana kwa Events na sitaki uilazimishe. Fanya nakala yake kwa ddrescue, fungua UFS Explorer au R-Studio, panga RAID ya kufikirika yenye 2, 3 na 4, nafasi ya kwanza iache tupu. Chukua faili hiyo moja tu. Nyingine zote bakia na zile za Linux.

picha_za_ziwa

Nakala ya 3 ilichukua siku mbili, imebakiwa na megabaiti 9. Nimepanga kama ulivyosema. Video imecheza mwanzo hadi mwisho, hakuna kijani. Mama anaonekana anamfunga binti yake kitenge. Kesho naipeleka kwao.