Baiskeli ya umeme: nikianza kupiga pedeli mota inachelewa kushika, ni mbovu?

kilimani_mza: Wakuu habarini, nina baiskeli ya umeme, mtumba toka Ulaya, mota iko kwenye haba (kitovu cha gurudumu) ya nyuma. Nikipiga pedeli kama nusu raundi hivi kimya halafu ghafla inasukuma, nikiacha inaendelea kidogo ndo inakata. Tambarare freshi tu, ila hapa Mwanza vilima ndo vyenyewe, nikisimama katikati kuondoka tena ni kazi kwelikweli. Afu ikifika spidi 25 haisaidii tena kabisa. Nibadili mota au betri?

fundi_waya: Mkuu usibadili chochote kwanza. Hiyo ina sensa (kidude cha kuhisi) ya mzunguko, chungulia kwenye krenki, pale mikono ya pedeli inaposhikia, utaona kisahani cha plastiki chenye sumaku ndogondogo na sensa pembeni yake inazisoma zikipita. Kontrola, yaani kile kidude kinachoongoza umeme wa mota, haijui umekaza mguu kiasi gani, inachojua ni kwamba pedeli zinaenda mbele, so mpaka sumaku kadhaa zipite ndo iachie umeme, na ndo maana hata ukizungusha kivivu inakupa nguvu ileile ya namba uliyoweka kwenye skrini. Angalia tu kisahani kisiwe kimelegea, kikikaa mbali na sensa mota inashika na kuachia ovyo.

pedeli255: Hiyo 25 sio ubovu, ni sheria ya Ulaya, mota wati 250 na msaada unakoma kwenye kilomita 25 kwa saa, juu ya hapo ni miguu yako. Marekani zile wanazoziita daraja la kwanza (Class 1) zinakata kwenye maili 20, yaani kama 32.

kilimani_mza: Asanteni sana. Sasa kuna zinazoshika hapohapo ukikanyaga?

fundi_waya: Zipo, zina sensa ya nguvu, inapima mkandamizo wa mguu na mota inaongeza kulingana na unavyokaza, ukikaza kidogo inasukuma kidogo, ukikaza sana inasukuma sana. Yamaha walianza kuuza baiskeli za hivyo Japani mwaka 1993. Ni tamu mno kilimani hasa mota ikiwa kwenye krenki maana inapitia mnyororo na gia zako, ya kwenye haba haifaidi gia, ukipanda polepole sana inakula umeme na kuchemka. Ila bei imesimama. Kwa hiyo yako zoea kushusha gia KABLA hujasimama, ukiondoka pedeli zizunguke haraka sumaku zipite mapema.

pedeli255: Na hiyo ya kuendelea kusukuma ukiacha pedeli usiichukulie poa mkuu, barabarani ni hatari. Nyingi zina swichi kwenye mkono wa breki, ukigusa tu mota inakata. Ijaribu leo, inua tairi la nyuma, zungusha pedeli kwa mkono mpaka mota ishike halafu bana breki kidogo. Isipokata hapohapo peleka kwa fundi kabla hujarudi nayo barabarani.